Pale Sauti ya Kagure Ilipokatika

Dallas, Embu
26 Januari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Embu. Mimi ni mzima, kile kifua cha Krismasi kimepona. Goti lako linaendeleaje na hii baridi ya asubuhi? Na Kagure anakula vizuri?

Najua utashangaa kupata barua na tuliongea kwa simu juzi tu. Lakini ukiongea na simu Kagure huwa amekaa hapo kando, na hii ni habari yake. Mwalimu Muriuki alinipigia Ijumaa. Anasema mtoto yuko Gredi ya Tatu na bado anasoma neno moja moja, na darasani yuko ni kama hayuko. Akiulizwa swali anakodoa macho. Ameadhibiwa mara mbili kwa kutosikiliza.

Aliniuliza kama kuna shida nyumbani. Nilimwambia baba yake alikufa, bibi yake pia, na mama yake anapikia wanafunzi wa hosteli hadi saa tatu usiku, ndiyo maana anakaa na babu yake. Akasema kuna jambo moja tunaloweza kufanya bila gharama. Kila siku baada ya chakula cha jioni, Kagure asome kwa sauti dakika ishirini, na mtu mzima akae amsikilize. Asiachwe kusoma peke yake. Anasema watoto wanaofanya hivyo bila kuruka siku hubadilika kabla mwaka haujaisha. Atatuma daftari, na wewe utakuwa unatia sahihi kila siku.

Baba, najua jioni umetoka kuchuma majani chai na umechoka. Najua pia ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima, kule ngumbaru, na hupendi kuonekana ukikwama. Lakini nakuomba. Naogopa mtoto wangu ataitwa mjinga mpaka aamini. Katika kila bahasha nitaweka karatasi moja ya Kagure akusomee, na hii nyingine ni yako peke yako.

Binti yako,
Gatwiri

*

Nkubu
9 Februari 2025

Kwako Mama Kagure,

Tumepokea salamu. Sisi ni wazima. Goti ni lile lile, ng'ombe amezaa ndama dume.

Daftari la mwalimu limefika na tumeanza. Jioni ya kwanza nilifuta meza, nikawasha taa ya sola, nikamwambia asome. Alisoma sentensi tatu kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Nilitaka kumnyang'anya kile kitabu. Siku ya nne alilia. Siku ya sita ni mimi nilikaribia kulia.

Lakini juzi alikuwa anasoma habari ya mbuzi aliyefuata watu hadi kanisani, akacheka kabla sauti haijafika kwenye kichekesho chenyewe. Nikajua macho yake yametangulia. Hata mimi ngumbaru ilinichukua mwaka mzima kufika hapo.

Nimekuwa nikienda Meru mjini kwa mambo ya miwani, na kule Majengo kuna mzee anauza vitabu kuukuu vya watoto. Nilimletea vinne. Usitume pesa za vitabu.

Baba yako

*

Dallas, Embu
20 Februari 2025

Kwa Baba,

Hamjambo huko? Mimi sina neno. Barua yako niliisomea jikoni na sufuria ya maharagwe ikashika chini, nikasemwa, na bado nilikuwa natabasamu. Asante. Tafadhali msiruke hata siku moja, hata ile siku ya kupeleka majani. Mwalimu alisisitiza hapo.

Binti yako,
Gatwiri

*

Nkubu
9 Machi 2025

Kwako Mama Kagure,

Natumai kazi haijakulemea. Huku mvua inanukia tu, haijaanza kunyesha.

Hatujaruka siku. Mtoto sasa anasoma vizuri sana. Mwalimu Muriuki alimsimamisha mbele ya darasa asomee wenzake. Jioni akimaliza ukurasa anauliza kama dakika ishirini zimeisha, na nikisema bado, anafurahi. Jirani yetu Mama Kathuri alikaa nasi siku moja akasema hakujua ni Kagure huyu.

Nina swali. Alipokuwa mdogo huko Embu, aliwahi kuanguka akagonga kichwa? Na marehemu baba yake Nthiga, kwao kulikuwa na mtu mwenye ugonjwa wa

Si kitu. Nauliza tu.

Baba yako

*

Dallas, Embu
14 Machi 2025

Kwa Baba,

Salamu. Barua yako imeninyima usingizi. Kagure hakuwahi kuanguka vibaya, na kwa akina Nthiga sijasikia ugonjwa wowote. Nthiga mwenyewe unajua ilikuwa ajali ya barabara. Ugonjwa wa nini, Baba? Uliacha sentensi katikati. Kama umeona kitu, niambie.

Binti yako,
Gatwiri

*

Dallas, Embu
6 Aprili 2025

Kwa Baba,

Hujambo? Ni wiki tatu sasa. Kwa simu unasema mko salama, kisha unasema chaji imeisha. Jana nilimuomba Mama Kathuri ampe Kagure simu yake. Kagure aliniambia shule imefungwa, na kwamba guka, babu yake, amemkataza kwenda mtoni, amemkataza kukaa karibu na jiko, na anamsomesha mara mbili kwa siku. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui. Huwa ananiangalia tu."

Baba, mimi ni mama yake. Unaogopa nini? Hapa nilipo kila simu ikilia nadhani ni habari yake. Nijibu.

Binti yako,
Gatwiri

*

Nkubu
20 Aprili 2025

Mwanangu Gatwiri,

Leo ni Pasaka. Kagure ameenda kanisani na Mama Kathuri, na nimemwambia asimwachilie mkono. Nimebaki ili niandike. Yuko mzima, hilo ulijue kwanza. Hajaumia.

Nilianza kusikia mwisho wa Februari. Wakati alikuwa anasuasua nisingeweza kusikia, kwa sababu kusoma kwake kote kulikuwa kukatika. Ni alipoanza kusoma bila kukwama ndipo nikasikia. Anasoma, anasoma, halafu sauti inakatika. Haingoji mwisho wa mstari, inakatika katikati ya neno. Nikiinua macho, yeye anaangalia kitabu lakini hakioni, na kope zinachezacheza. Nahesabu hadi nane au kumi, anarudi. Anaendelea, ila si pale alipoachia, ameruka mstari. Nikimuuliza mbona ulinyamaza, anasema, "Sikunyamaza, guka."

Nilianza kuweka alama ya penseli kwenye lile daftari, kando ya sahihi. Jioni ya kwanza alama moja. Wiki iliyofuata tatu. Wakati shule zinafungwa zilikuwa saba kwa dakika ishirini. Nikaanza kumsomesha na mchana pia, nione kama mchana ni sawa. Mchana ni sawa na jioni.

Sikukujibu kwa sababu naujua huo ugonjwa.

Mwongera alikuwa nao. Ndugu yako hakuteleza mtoni. Wewe ulikuwa bweni, Kidato cha Pili, na tulikuambia aliteleza akichota maji. Nilikuwa juu kwenye majani chai, nikamwona amesimama juu ya jiwe na jerikeni mkononi, ameduwaa, kama alivyokuwa akiduwaa kila nikimtuma kitu. Nilimpigia kelele. Nilimwita mvivu. Hakugeuka. Akapiga hatua moja mbele, mahali ambapo hapakuwa na jiwe. Mimi na goti zima, wakati huo lilikuwa zima, sikufika kwa wakati.

Miaka miwili nilikuwa nikimchapa kwa kule kuduwaa. Mama yako aliniomba tumpeleke hospitali, nikamwambia uvivu hauna dawa. Baada ya mazishi nilimkataza asiseme. Alitii mpaka akaenda nalo kaburini.

Kwa hivyo sauti ya Kagure ilipokatika, nilijiambia ni usingizi. Nikajiambia ni taa. Nilibadilisha taa. Nilijua ukisikia utaniuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema. Wiki saba nimekaa na jambo hili kwa ajili ya kujificha mimi, si kwa ajili ya mtoto.

Alhamisi ndama alikata kamba na Kagure akamfuata bila mimi kujua. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nilimkuta katikati ya yale magogo tunayovukia. Amesimama. Maji yalikuwa yamepanda yanalamba magogo. Nilitaka kumwita, nikakumbuka kelele ilinisaidia nini mara ya kwanza. Nikatembea juu ya yale magogo polepole mpaka nikamshika mkono wa sweta. Ndipo akageuka, akaniambia, "Guka, mbona umekuja bila viatu?"

Njoo umchukue umpeleke kwa daktari. Mambo yangu na wewe yatangoja.

Baba yako

*

Dallas, Embu
23 Aprili 2025

Baba,

Sijui nianze na salamu gani.

Miaka kumi na minane nimekuwa nikipita kando ya ule mto na kuulaumu utelezi wa mawe. Nakuja Jumamosi. Mpaka nifike, asiwe peke yake hata kwenda msalani. Funika moto. Niwekee nguo zake tayari na lile daftari lenye alama, usilisahau.

Sitaki tuzungumze juu ya Mwongera mbele ya mtoto. Pengine sitaki tuzungumze kabisa.

Gatwiri

*

Dallas, Embu
25 Mei 2025

Baba,

Natumai u mzima. Kagure anakusalimu. Najua umekuwa ukingoja, na nimechelewa kuandika kwa makusudi. Sasa nakuambia yaliyotokea.

Tulipangiwa siku ya kipimo hospitalini hapa mjini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa nikiangalia uso wake tu, kila akipumua kwa nguvu nainuka. Asubuhi walimbandika nyaya ndogo kichwani, nyingi, na mashine ikaanza kuchora mistari. Kwa muda mrefu haikuonyesha kitu, na nikaanza kuomba kwamba ulikosea. Kisha daktari, mama mmoja mpole, akamshikia kipande cha karatasi mbele ya mdomo na kumwambia akipulize, pumzi baada ya pumzi, bila kupumzika. Kagure akaona ni mchezo. Karatasi ikawa inapepea. Dakika ya pili ikasimama.

Baba, ndiyo mara ya kwanza niliona. Macho yake yalikuwa wazi na hakuna mtu ndani. Nilitaka kumtikisa, daktari akanishika bega. "Mwache. Atarudi." Ile mistari kwenye mashine ilikuwa inaruka kama imeshikwa na wazimu. Nilihesabu, nikafika kumi na moja. Kisha akapuliza tena, kama hakuna kilichotokea, na akacheka.

Ni aina ya kifafa. Haiangushi mtu chini na kumtikisa, inamtoa tu kwa sekunde chache na kumrudisha, mara nyingi kwa siku. Kuna dawa ya maji, asubuhi na jioni, na daktari anasema watoto wengi wakiitumia vizuri hutulia, na wengine hukua wakaiacha. Hakuniahidi. Alisema wengi, hakusema wote, na mimi hilo neno "wengi" ndilo ninalolala nalo.

Nilimwonyesha lile daftari. Alizifungua kurasa zake polepole, tarehe kwa tarehe. Akauliza, "Nani aliweka hizi alama?"

"Baba yangu."

"Ni mwalimu?"

"Hapana. Ni mkulima wa majani chai."

Akarudia kurasa za mwanzo. Akasema watoto kama Kagure huitwa wazembe miaka na miaka, kwa sababu sekunde kumi hazionekani na mtu aliye na shughuli zake. Wengine huletwa baada ya kuungua au kuanguka. "Huyu," akasema, "alikuwa na mtu aliyekaa akamsikiliza kila siku. Hiyo ndiyo imemwahisha."

Nilitaka kumwambia kulikuwa na mwingine, na huyo hakusikilizwa. Sikusema. Nimekuambia wewe.

Daktari anataka kumwona kila wiki mpaka dawa ikae sawa. Nimemwombea ruhusa kwa Mwalimu Muriuki.

Gatwiri

*

Nkubu
1 Juni 2025

Mwanangu,

Amani iwe kwenu. Mimi naendelea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na pale kwenye karatasi iliyosimama huwa nasimama na mimi.

Nilienda shuleni nikamweleza Mwalimu Muriuki. Alikaa kwenye dawati la mtoto, akashika kichwa. Alisema, "Mzee, mimi nilimpigisha magoti." Nikamwambia kuna mtu alifanya mabaya kuliko hayo. Wakati wa mkutano wa wazazi aliwaambia kila mmoja amsikilize mtoto wake akisoma jioni, na akaongeza kwamba si kwa ajili ya mtihani tu, ni ili umjue mtoto uliye naye. Hakutaja jina.

Jumapili iliyopita niliwaita ndugu zangu wote, akina Kobia na wengine, tukakaa uani. Niliwaambia jinsi Mwongera alivyokufa, na kwamba mama yako alikuwa ameona na mimi nikamnyamazisha. Kobia aliinuka akaenda bila kuaga. Wengine walibaki. Sikufanya hivyo ili unisamehe. Nilifanya kwa sababu mama yako alikufa akiwa amelibeba jambo langu.

Kuhusu Kagure, usimrudishe kama unaogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Mto uko palepale.

Baba yako

*

Dallas, Embu
15 Juni 2025

Kwa Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo. Kagure ameongeza kilo mbili.

Nilikuwa nimeamua hatarudi. Nilimtafutia shule hapa Embu, nikaona hata sare. Halafu nikafikiria jioni zake. Nikiwa kazini anakaa na jirani yangu Njoki, mama mzuri kabisa, lakini ana watoto watatu na televisheni haizimwi. Nikirudi nakuta amelala. Tangu aje huku hajafungua kitabu mbele ya mtu.

Jumatano nilipata jioni ya mapumziko, nikamwambia anisomee. Alianza vizuri, kisha akakwama. Akaendelea. Akakwama tena. Nilikaa pale na sikujua kama ni ugonjwa umerudi au ni kusoma kumemtoka. Sikujua, Baba. Nilimzaa mimi na sikuweza kutofautisha. Nikawaza, wewe ungejua.

Daktari amesema sasa tunaweza kumwona mara moja kwa mwezi. Nitamleta Jumamosi ijayo. Dawa ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa. Mtoni asiende, hata akiwa na wenzake. Asipande miti. Maji ya moto mimina wewe. Na kila jioni asome, nawe uweke alama hata kama ni sufuri, kisha unitumie kurasa kila mwezi nimpelekee daktari. Ukiona kitu kipya nipigie saa hiyo hiyo, awe amekaa kando au la. Kagure anaujua ugonjwa wake sasa. Hakuna tena cha kumficha.

Kuhusu Mwongera, sijamaliza. Nitakusamehe kidogo kidogo na kuna siku nitashindwa. Lakini ulivyowaambia akina Kobia, nimesikia.

Binti yako,
Gatwiri

*

Nkubu
29 Juni 2025

Mwanangu Gatwiri,

Natumai ulifika salama na kazi imekupokea vizuri. Kagure amerudi darasani, dawa hajakosa hata mara moja, naye anaikumbuka kabla yangu.

Nikuambie juu ya jioni ya kwanza baada ya wewe kuondoka. Sikuweza kula. Niliosha vyombo polepole ili muda upite, mpaka yeye mwenyewe akaleta kitabu mezani na kuvuta kiti. Alianza akisuasua, kama ulivyosema. Nusu ya ukurasa akapata mwendo. Ukurasa wa pili alikuwa anasoma kwa sauti ya kanisani, nami nikaanza kupumua.

Kisha sauti ikakatika, katikati ya mstari.

Sikuinua macho. Niliogopa nitakachoona. Niliangalia mikono yangu juu ya meza na nikahesabu, moja, mbili, tatu. Nilifika sita. Nilifika saba na nikaona lile jiwe, na jerikeni, na mgongo wake.

"Guka," akasema, "hili neno linasomwa aje?"

Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia. Kidole kilikuwa juu ya neno, palepale alipoachia, na hajaruka mstari. Nilivaa miwani nikainama, lakini herufi zilikuwa zinaelea na sikuweza kumsaidia. Nikamwambia hata mimi silijui. Akalikata vipande, akalisoma kipande kwa kipande, akaliunganisha, kisha akalirudia taratibu, kama mwalimu, mpaka nami nikaweza kulitamka.

Jioni ya pili alama mbili. Ya tatu hakuna. Jana moja. Kurasa za mwezi ziko ndani ya bahasha hii, sijaficha hata moja.

Bado naogopa, na nafikiri nitaogopa mpaka nife. Lakini saa moja imefika, amekunywa dawa, na nasikia anavuta kiti. Wacha nikamsikilize.

Baba yako